Viatu vya Bwana Arusi

Mwezi uliopita niliangua kicheko katika chumba cha maiti. Sikukusudia. Tulikuwa wanawake peke yetu, tumesimama kandokando ya mwili wa shangazi yangu, Tata Ruthu, katika hospitali moja ya Meru mjini, tukijiandaa kumvisha kwa safari ya kwenda kuzikwa. Kendi, mjukuu wake anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amenunua gauni jeupe lenye lesi shingoni na kulikunja ndani ya karatasi laini. Lakini Tata alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba nguo zake za mwisho zimo kwenye kisanduku chake cha mbao, asije mtu akajisumbua, kwa hivyo kisanduku nacho kilikuwa kimeletwa. Kendi akakifungua kwa heshima. Juu kabisa palikuwa na koti la jeshi, la kiume, zito, rangi ya majani makavu, lenye vifungo vya shaba. "Cucu," Kendi akaniambia, maana kwake mimi pia ni bibi, "hii ni nini tena? Nani ameweka nguo ya askari hapa?" Ndipo kicheko kikanitoka, kicheko cha msichana wa miaka kumi na minane, mpaka kijana wa mochari akachungulia mlangoni kuona kama tumepagawa. Nilicheka nikalia, nikacheka tena. Kati ya wote waliokuwa pale, ni mimi tu niliyemwona Tata akilivaa koti hilo kwa mara ya kwanza, na nimekuwa na hamu ya kuusimulia mwaka ule tangu ulipokwisha.

Uhuru ulikuwa bado mpya, watu wakilitamka neno lenyewe kama wanaonja asali. Nilikuwa nimemaliza shule kule Embu, nikapelekwa kwa shangazi yangu juu Meru, upande wa kuelekea Timau ambako baridi haina adabu, ili nijifunze ushonaji kwa Mama Mchungaji. Nilifika na sweta moja na majivuno ya watu wawili. Siku ya kwanza Mama Mchungaji alinipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, chumba chenye harufu ya mishumaa na panya, akafungua kabati, akaniambia, "Wanjira, nawa mikono." Nikanawa. Ndipo akalitoa gauni la arusi, na mimi niliyekuwa nikijiona mjuaji nikafunga mdomo. Sikuwa nimewahi kuona kitu cheupe hivyo katika nchi yenye udongo mwekundu. Mgongoni lilikuwa na safu ya vifungo vidogo kama mbegu za kunde, na kiuno chake ungekishika kwa viganja viwili.

Gauni hilo lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kanisa zima. Alikuwa ameliacha nesi mmoja wa misheni, Mzungu mwembamba ajabu, alipofunga mizigo kurudi kwao. Jumapili iliyofuata kuondoka kwake, kwa bahati tu, Mchungaji Yeremia alihubiri ule mfano wa karamu ya mfalme, ambamo mgeni mmoja alikutwa hana vazi la arusi, akafungwa na kutupwa nje gizani. Mchungaji alikuwa akizungumza juu ya moyo. Wanawake walikuwa wameliona vazi lenyewe kwa macho yao, linaning'inia kabatini nyuma ya madhabahu. Kabla ya wiki kwisha ikawa sheria milima yote ile kwamba hakuna mke atakayebarikiwa ndoa bila kulivaa gauni hilo, na asiyelivaa basi ajue mwisho wake. Mchungaji hakuwahi kuitangaza sheria hiyo. Wala hakuwahi kuikanusha, kwa sababu nadhani ilimfurahisha kuona mahubiri yake yameshika kwa nguvu namna hiyo.

Sasa, ni vizuri ieleweke maharusi wetu walikuwa akina nani. Wachache walikuwa wasichana. Wengi walikuwa mama zetu, wanawake walioolewa kwa mila zamani, kwa ng'ombe na asali, wakazaa, wakalima, wakazika, kisha wakaokoka. Kanisa likawaambia ndoa lazima ibarikiwe mbele ya madhabahu, mume na mke wakiwa pamoja, ndipo mtu aruhusiwe kukaa kwenye Meza ya Bwana. Basi bibi arusi angekuja na wajukuu wakimshika sketi, na kazi yangu ilikuwa kumwingiza ndani ya kiuno cha yule nesi. Nilifumua mishono ya pembeni, nikaweka vipande, nikashona. Arusi ikipita nikafumua tena, nikafua kwa bluu, nikatia wanga, nikapiga pasi ya makaa huku nikipuliza majivu upande mwingine. Kila wiki mama mpya. "Vuta pumzi, mama," nilikuwa nikisema. "Nimevuta." "Vuta nyingine." "Mwanangu, hizo zote zimekwisha, sasa ninavuta roho." Tulicheka mpaka Mchungaji akagonga ukuta. Jamani, nilikuwa na furaha mwaka ule! Kila Jumamosi ilikuwa arusi, kila arusi ilikuwa na wali, na kila mama aliyetoka kwenye chumba kile akiwa amevaa nyeupe alitembea kama mtu aliyerudishiwa usichana wake.

Ni Tata Ruthu peke yake ambaye hakuwa akija kupimwa, na ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Alikuwa dada ya baba yangu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Jikoni kwake kulikuwa na mawe matatu, moshi, mwana-mbuzi aliyefungwa kwenye mguu wa kitanda changu, na kibuyu cha uji wa kuchacha ambacho hakikuwahi kuachwa kikauke. Kikifika nusu, alisaga mwingine. "Mgeni hapigi hodi mwezi mmoja kabla," alisema. Tulikula mukimo, ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe meusi ya njahi, kwenye sahani za bati, naye alikula akiwa amesimama, kana kwamba ameitwa mahali. Mumewe, Mzee M'Rukaria, alikaa kwenye nyumba yake ng'ambo ya ua, akanusa tumbako yake, akaletewa chakula huko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepigana vita vya Wazungu katika nchi ambayo hakuweza kutuambia jina lake, akarudi na koti na kikohozi, na tangu hapo hakupenda kupangwa mstari na mtu yeyote.

Tata alikuwa amebatizwa, amefundishwa, amehitimu kila darasa ambalo kanisa lilikuwa nalo. Kilichobaki ni Meza, na Meza ilikuwa imefungwa kwake kwa sababu Mzee hakutaka kusikia habari za kubariki ndoa. Siku za Meza, wimbo fulani ulipoanza, wale wasioruhusiwa walisimama wakatoka nje. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilidhani wanakwenda kutazama watoto. Kumbe walikaa juu ya rundo la mawe kando ya tangi la maji, mawe yaliyoletwa kujenga ukuta ambao haukujengwa kamwe, wakaimba kutoka huko nyimbo zilezile zilizokuwa zikiimbwa ndani. Sauti ya Tata ilikuwa ya juu kuliko zote. Nilimtazama kupitia dirishani akiwa ameshika mikono yake magotini, safi, kitambaa cha kichwa kimenyooka, macho yameelekea mlangoni, na nikakasirika kiasi kwamba sikuonja mkate siku ile. Njiani kurudi nilimwuliza kama Mzee anajua kwamba wanaketishwa nje. Akasimama katikati ya njia. "Nimwambie nini? Kwamba nawekwa nje kama mbuzi amekula mahindi ya watu? Hapana. Yeye anafikiri nakaa ndani na wengine. Wacha afikiri hivyo."

Na kila Jumamosi jioni, baada ya chakula, aliinama akatoa chini ya kitanda chake jozi ya viatu vya kiume, vyeusi, akavipaka mafuta ya kondoo. Alivipaka polepole, kwa kidole, kwenye kila mshono, akaviinamisha huku na huku, akavisugua kwa kitambaa. Kisha akaliteremsha koti la vita kutoka kwenye kigingi, akalipiga vumbi, akasugua vifungo kwa majivu. Mwezi wa kwanza nilivumilia. Wa pili nikashindwa.

"Tata, hivi viatu ni vya nani?"

"Vya mwenyewe."

"Mzee? Si yeye huvaa zile buti za mpira tu?"

"Kijana wake alimnunulia, yule wa mashamba ya ngano Timau. Akavaa siku moja, akasema vinabana kama pingu, akatupa. Mimi nikaokota. Ngozi ni kama mtu, ukiipaka kila wiki inasikia. Siku atasema twende, asipate sababu ya viatu."

"Amewahi kusema twende?"

"Bado."

"Basi unapaka bure! Ngojangoja huumiza matumbo, Tata."

"Tumbo ni langu. Wewe si unasoma Injili kila asubuhi na sauti kama ya redio? Wale wasichana kumi wenye taa, waliambiwa bwana arusi atakuja saa ngapi?"

"Hawakuambiwa."

"Haya. Leta hiyo taa karibu na ufunge mdomo."

Sikuufunga. Kulikuwa na jambo katika mfano ule lililonikera tangu nikiwa mdogo, nikaona nilitoe: mbona wale watano wenye busara waliwanyima wenzao mafuta? Wangepungukiwa nini wakimimina kidogo? Kwetu hata jirani mchoyo hukupa kaa la moto. Tata aliinua kiatu, akakitazama kwenye mwanga. "Mimi nimepaka hivi viatu miaka," akasema. "Kesho jirani aje aniambie, Mama, nigawie hiyo kupaka yako, mume wangu anataka kwenda kanisa leo. Nitamkatia wapi?" Nilikuwa nimefundishwa mfano huo na walimu kadhaa wenye vyeti, na hakuna aliyewahi kunijibu. Ila nilikuwa na miaka kumi na minane, na moyoni nilisema kwamba majibu mazuri hayatamtoa Mzee kwenye kiti chake.

Tena nilijua kwa nini hatoki. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao zilizokauka zikaachana, na jioni moja nikiwa naosha sahani nilimsikia Mzee akizungumza nje na rafiki wa rika lake. "Huyu mama anataka nifanye nini? Mimi nilioa. Nilipeleka asali mpaka Embu kwa miguu, watu wa Embu wakainywa, wakaimba, wakanipa mtu. Sasa nikuje kanisa nione mama ya watoto wangu amefungwa pazia ya Mzungu? Na watu wacheke? Siendi mahali kuna hiyo pazia." Yule rafiki akacheka, Mzee hakucheka. Nilibaki na sahani mkononi. Tata naye, kwa upande wake, hakuna aliyeliamini gauni lile kuliko yeye. Alikuwa akija kunitembelea kazini kwa visingizio, mara chumvi, mara sindano, akalishika pindo lake kwa ncha za vidole. "Hapa kiunoni utanifumulia?" aliniuliza mara moja, kwa sauti ya msichana. Nikasema nitafumua mpaka mlima usogee. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba kitu anachokitamani ndicho hichohicho kinachomzuia mume wake kuja.

Masika yalipokaribia, sifa za gauni zilikuwa zimefika Embu, na binti wa shemasi mmoja huko akaliomba. Nilitumwa mimi kulipeleka, kwa kuwa ni kwetu. Kwenye basi nililibeba magotini, limefungwa ndani ya shuka, na kila aliyenigusa alipata kujua ninabeba nini. Nilipofika, wasichana niliosoma nao walinizunguka sebuleni kwa shemasi, wakalilamba kwa macho, na mimi nikatoa hotuba juu ya wanga na bluu kana kwamba nilivivumbua. Bibi arusi alilivaa, likamkaa bila kufumua hata mshono mmoja, na nikahisi wivu kidogo kwa niaba ya mama zangu wa Meru. Siku zile nilitamani sana arusi yangu mwenyewe. Sioni haya kusema. Ilikubaliwa gauni libaki Embu kwa arusi nyingine mbili, nami nikarudi kushona sare za shule. Mvua ilianza siku niliyorudi.

Jumapili ya Meza ilikuja na mvua ya kutosha kuzamisha Nuhu. Bati lilinguruma mpaka Mchungaji akawa anahubiri kwa mikono tu. Nilidhani kwamba leo, kwa ubinadamu tu, hawatawatoa nje. Wimbo ukaanza, na Tata akasimama wa kwanza. Alichukua gunia lililokuwa mlangoni, akalikunja pembe moja ndani ya nyingine, akalivaa kichwani, akatoka. Wenzake wakamfuata. Wakakaa juu ya mawe yao kwenye mvua, wakaimba.

Asubuhi ile ndama wa Mzee alikuwa amekata kamba. Mzee alikuwa amemfuata bondeni, akavuka kijito, akapanda upande wa pili, na njia ya upande wa pili hupita nyuma ya kanisa. Akasikia sauti anayoijua inaimba mahali isipopaswa kuwa. Akakunja kona ya tangi, kamba mkononi, tope mpaka magotini, akamwona mke wake juu ya jiwe chini ya gunia. Niliona yote kwa sababu nilikuwa dirishani nikinung'unika. Walitazamana. Tata aliacha kuimba, na yeye kuacha kuimba kulisikika ndani kuliko mvua. Mzee akamwuliza jambo, Tata akatazama chini. Kisha Mzee akageuka, akaja mlangoni, na kanisa zima likamwona amesimama pale anatiririka maji, mtu ambaye hakuwa ameingia humo tangu lijengwe.

"Mchungaji!" alisema. Hakupaza sauti sana, lakini ilikuwa sauti iliyozoea kuita ng'ombe. "Nani ameweka mke wangu nje kwa mvua?"

Mchungaji Yeremia alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini taratibu. "Mzee, si mimi. Ni utaratibu. Ndoa haijabarikiwa."

"Huyu nilimwoa! Nilileta kila kitu! Sema ni nini inakosekana, nilete leo!"

Hata mvua, nakwambia, ilipunguza. Mchungaji alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda amani kupita kiasi, na sijui alipata wapi neno alilosema. "Kinachokosekana ni wewe, Mzee. Miaka yote hii. Ni wewe tu."

Mzee akatazama kamba yake kama aliyesahau ni ya nini. Akaifunga kwenye nguzo ya mlango. "Kama ni mimi tu," akasema, "basi niko. Bariki."

Wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona juu ya matangazo, kwamba ndoa hutangazwa kwanza Jumapili tatu. Mmoja wao akasimama akauliza kama kuna mtu humu ndani asiyejua kwamba hawa wawili ni mume na mke, maana wajukuu wao ndio waliokuwa wakipiga ngoma ya kwaya. Watu wakacheka, na kicheko kile kikawa ndiyo tangazo. Nikakimbia nje kumshika Tata mkono. "Tata, amekuja! Njoo!"

Tata hakusogea juu ya jiwe. "Gauni liko wapi?"

Gauni lilikuwa Embu. Alijua liko Embu. Alikuwa amenisaidia kulikunja. "Siwezi kuingia hivi," akasema. "Nimevaa gunia, Wanjira. Unajua yule aliyeingia bila vazi. Mwambie Jumapili ijayo. Mwambie, nakuomba." Nami nilijua, na kila mwanamke pale juu ya mawe alijua, kwamba Mzee M'Rukaria hakuwa mtu wa Jumapili ijayo. Nilitaka kumkaripia, nilitaka kumbeba. Nilimwona akiwa amejitayarisha kwa kila kitu katika maisha yake isipokuwa kile kimoja alichokuwa akikiazima, na nikahisi mlango unataka kufungwa mbele ya uso wake mwenyewe. Kisha akatazama miguu ya mumewe iliyosimama mlangoni ndani ya buti zenye tope, na mazoea ya miaka yakamshinda. "Lakini kalete viatu," akaniambia. "Na koti. Hawezi kusimama pale hivyo."

Sijawahi kukimbia vile, wala sitakimbia tena. Nilishuka bondeni nikiwa nimekaa zaidi kuliko nilivyokuwa nimesimama, nikavuka kijito, nikampita ndama akila kunde za jirani kwa raha zake, nikaingia jikoni. Sikutafuta kitu. Viatu vilikuwa mahali pake, koti kwenye kigingi chake. Nikavifunika kwa gunia nikapanda tena mlima, nikicheka peke yangu kwa mwendo ule, nikiita "Ngojeni!" ingawa hakuna aliyeweza kunisikia. Nilipotokea, kanisa lilikuwa linaimba wimbo mwingine, kila wakiumaliza wanaurudia. Mzee alikuwa ameshanawa miguu kwenye tangi. Alikaa kwenye kizingiti, akachukua kiatu cha kwanza kwa uso wa mtu anayetarajia maumivu, akakivaa. Akasimama nacho. Akavaa cha pili. Akapiga hatua mbili, akarudi.

"Havibani," alisema. Alitutazama sote kana kwamba tumemchezea. "Hivi si vile viatu vya Timau? Nani amevifanya hivi?"

Tata alikuwa ametazama upande. Mzee akakishika kiatu kwa kidole gumba, akakinusa kile kidole, na harufu ya kondoo ikamwambia kila kitu, maana ni yeye aliyekuwa akichinja kondoo wa nyumbani na kumwachia mafuta yote bila kuuliza ya nini. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibomoka namna ile. Akachukua koti kutoka kwangu, akaona vifungo vinavyong'aa, akalishika kana kwamba atalivaa. Hakulivaa. Alitembea kwenye tope, kwa viatu vile vizuri, mpaka kwenye rundo la mawe. Akaliondoa gunia kichwani mwa mke wake, akamvika koti la vita mabegani, akalifunga kifungo cha shingoni kwa vidole vyake vizito.

"Wewe ndiye umelitunza," akasema. "Vaa wewe. Twende, watu wanangoja."

Tata akainuka. Aliingia kanisani kwa koti la jeshi linalomfika magotini, mikono imepotea ndani ya mikono ya koti, kitambaa cha kichwa kimelowa, na mimi niliyevisha maharusi wa mwaka mzima nawaambia hakuna aliyemkaribia kwa urembo. Wale wanawake wengine wakasimama juu ya mawe wakapiga vigelegele mpaka ndama akasikia ng'ambo. Mchungaji alipofika mahali pa kuuliza kama anamkubali mwanamke huyu, Mzee alisema, "Si nimesema," na watu wakacheka tena, na Mchungaji akaandika kwamba amekubali. Kisha Meza ikaendelea kutoka ilipoachwa. Tata alipokea mkate kwa viganja viwili vilivyotoka ndani ya ile mikono mirefu ya koti. Nilikuwa nimekaa karibu, na safari hii nilionja.

Tulipofika nyumbani tulikuta hakuna arusi iliyoandaliwa, lakini kibuyu kilikuwa kimejaa. Watu walikunywa uji wa kuchacha wakaushiba, Mzee akakaa jikoni kwa mara ya kwanza nikiwapo, miguu ameinyoosha mbele ili wageni wavione viatu. Gauni liliporudi kutoka Embu hakuna mama aliyeliulizia. Wale wa mawe walikuja mmoja mmoja na waume zao, wengine kwa leso, mmoja kwa sweta ya mwanawe wa shule, na sheria ile iliyoanza bila mtu kuitangaza ikafa vivyo hivyo. Mimi nilirudi Embu mwisho wa mwaka nikiwa fundi cherehani na mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nimekwenda nikidhani kwamba kuwa tayari ni kukaa macho ukitazama barabara. Niliporudi nilijua kwamba ni kazi ya Jumamosi jioni, na kwamba mikono inanuka.

Hayo yote niliwaeleza pale mochari, kwa kifupi, na kijana wa pale akasahau kutuharakisha. Kendi alikuwa amekaa kwenye benchi na lile gauni jipya mapajani. Akalikunja akalirudisha kwenye karatasi yake bila mtu kumwambia. Tukamvisha Tata koti. Lilikuwa kubwa zaidi kuliko siku ile, kwa maana yeye alikuwa amepungua. Vifungo viling'aa, vilikuwa vimesuguliwa juzijuzi.

"Kuna kitu kingine hapa chini," Kendi akasema, akiwa ameinama juu ya kisanduku. Akatoa viatu vya kiume, vyeusi, vya mtindo ambao haushonwi tena. Mzee M'Rukaria alikufa Kendi akiwa bado hajazaliwa. Kendi alivigeuza akavitazama, akaniuliza kwa nini cucu yake aliweka viatu vya marehemu muda wote huo.

Nikavipokea. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa mbele, pale ambapo ngozi hupasuka kwanza ikiachwa. Kidole kikarudi na mafuta.

"Viweke karibu na mkono wake," nikamwambia. "Anajua anampelekea nani."